Uzi wa Sentimita 15

Mtu wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, akiuliza Brussels ni mbali kiasi gani, mara nyingi anachotaka kujua ni bei. Ukimjibu kwa saa, ataridhika nusu. Ukimjibu kwa faranga, ataridhika kabisa. Kilomita hazimwambii kitu, na simlaumu: tiketi haiandikwi kilomita, na ndege ikishapaa kutoka kiwanja cha Kanombe hakuna vibao vya barabarani vya kuhesabu. Lakini mimi nimefanya kazi ya tiketi hapa Kigali kwa miaka mingi, na imani yangu ni kwamba kilomita hizo zisizoonekana ndizo za kujua kwanza. Anayejua kuzitafuta mwenyewe, kwa karatasi na kikokotoo cha shule, anaweza kudai haki ambayo wengine hawajui hata kama ni yao.

Mtaa wetu ulizaliwa na safari. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, nyuma ya Wajerumani walikuja askari, makarani na wachuuzi wazungumzao Kiswahili, wengi wao Waislamu, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji wakaja, wakawatenga Waswahili katika kambi yao na kuwabana wasitembee watakavyo. Wajukuu na vitukuu wa watu hao ndio waliotawanyika kuliko wote. Keti leo kwenye ile mitaa iliyofungiwa magari mwaka 2021, iliyopakwa rangi na kujazwa meza za chai ya mnanaa, usikilize simu zinavyopigwa: huyu anaongea na Brussels, yule na Maskati, jirani yake anamwamsha binti yake Vancouver, ambako bado ni usiku.

Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa na tufe. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilikuwa na kipenyo cha sentimita 30, limebonyea upande wa Bahari ya Pasifiki, lakini Afrika ilikuwa nzima na jirani yetu wa magharibi bado aliandikwa Zaïre. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa uzi. Siku hiyo Mwalimu alituuliza Makka iko upande gani, na sote tukanyoosha mikono mashariki, kwa sababu Uarabuni ni mashariki, ndivyo kila mtu alivyosema. Akachomeka pini moja Kigali na nyingine Makka, akavuta uzi mpaka ukakaza. Uzi ule ulipanda kaskazini, ukaegemea mashariki kidogo tu.

"Fuateni uzi," akasema, "msifuate mikono ya wenzenu."

Baadaye nilikuja kuihesabu ile pembe: ni digrii 22 hivi kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kwa ndugu zetu wa Unguja ni rahisi zaidi, maana Zanzibar na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, hivyo kibla chao ni kaskazini karibu kabisa. Kwa Waislamu wa Marekani na Kanada jambo hili limewahi kuzua mabishano makali, kwa sababu uzi kwenye tufe unawaelekeza kaskazini mashariki, huku ramani ya ukutani ikiwaonyesha Makka iko chini yao, kusini mashariki. Wanaofuata tufe wako sahihi. Ramani ya ukutani ni dunia iliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nguvu, na kila kilichonyooshwa kwa nguvu hupoteza vipimo vyake mahali fulani.

Uzi huo huo hutoa umbali. Tufe la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo. Gawanya, utapata kwamba sentimita moja ya uzi ni kilomita 425. Kutoka Kigali mpaka Makka uzi ulikuwa sentimita 6 na nusu, na zaidi kidogo: kilomita 2,800. Kutoka Kigali mpaka Brussels ulikuwa sentimita 15. Mwalimu alituachia tuzidishe wenyewe, nasi tukapata kilomita 6,375. Kwa uzi wa kushonea suruali, jibu hilo ni zuri ajabu, kama nitakavyoonyesha.

Hesabu kamili inataka namba nne tu, mbili kwa kila kiwanja. Kanombe iko latitudo 1.97 kusini, longitudo 30.14 mashariki. Kiwanja cha Brussels, kule Zaventem, kiko latitudo 50.90 kaskazini, longitudo 4.48 mashariki. Kusini mwa ikweta tunaweka alama ya kutoa. Tofauti ya longitudo ni digrii 25.66. Sasa chukua saini ya latitudo ya kwanza uizidishe kwa saini ya latitudo ya pili: unapata -0.0267. Weka pembeni. Chukua kosaini ya latitudo ya kwanza, mara kosaini ya pili, mara kosaini ya ile tofauti ya longitudo: unapata 0.5682. Jumlisha: 0.5415. Uliza kikokotoo ni pembe gani yenye kosaini hiyo, kitakujibu digrii 57.2. Hiyo ndiyo pembe kati ya Kigali na Brussels ukizitazama zote mbili ukiwa katikati kabisa ya dunia. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2. Zidisha: kilomita 6,360.

Uzi wa baba ulikosea kilomita 15.

Wapo watakaosema dunia si mpira kamili, na ni kweli. Imebonyea nchani: kutoka katikati mpaka ikweta ni kilomita 6,378, kutoka katikati mpaka ncha ni 6,357. Marubani na wapimaji hutumia hesabu nzito zaidi inayozingatia ubonyeaji huo, na jibu lao hupishana na letu kwa chini ya asilimia moja. Mtu anayetaka kujua kama amekaa umbali wa kilomita 3,000 au 6,000 kutoka kwa mama yake hana haja ya zaidi ya hapo.

Nilipokuja kumsoma mwanazuoni Al-Biruni ndipo nilipomwelewa Mwalimu wangu. Al-Biruni alizaliwa Khwarizm mwaka 973, na mwaka 1025 alimaliza kitabu kizima kuhusu namna ya kujua mahali miji ilipo, akitaka hatimaye kupata kibla cha mji wa Ghazna. Hakuwa na setilaiti. Alipima latitudo kwa jua na nyota, na tofauti za longitudo akazitafuta kwa kujumlisha safari za misafara kutoka mji hadi mji, akipunguza kwa busara yale mapindo ya njia ambayo ngamia hawezi kuyakwepa. Kisha akaingiza namba hizo katika hesabu ya pembetatu za tufe. Kompyuta ya ndege inayoruka leo kutoka Kanombe usiku hufanya kazi ya ukoo huo huo. Wanaodhani elimu ya madrasa na elimu ya rubani ni nyumba mbili zisizojuana wamenyimwa kitu kikubwa, na inaniuma kila ninapowasikia watoto wa mtaani kwetu wakiambiwa wachague moja.

Ofisini kwetu umbali ulikuwa pesa. Zamani, kabla kompyuta hazijachukua kila kitu, nauli nyingi za kimataifa zilipangwa kwa mfumo wa maili wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Kwa kila miji miwili kulikuwa na kiwango cha juu cha maili ambazo abiria aliruhusiwa kuruka kwa nauli ile ile, na kwa kawaida kiwango hicho kilikuwa asilimia 20 juu ya njia fupi. Ukizidisha, nauli inapanda kwa ngazi, asilimia 5, 10, 15, mpaka 25. Ukivuka hapo, tiketi inakatwa vipande na kulipiwa kila kipande. Tukichukua duara kuu, yaani mstari wa ule uzi uliokazwa juu ya tufe, kuwa ndiyo njia fupi, aliyetaka kwenda Brussels kupitia Addis Ababa aliruka kilomita 1,550, kisha 5,620, jumla 7,170: asilimia 13 zaidi ya njia ya moja kwa moja, ameingia ndani ya kiwango. Aliyetaka kupitia Dubai, 4,070 na kisha 5,150, alifika 9,220, asilimia 45 zaidi, na hapo ilibidi aongeze. Mzee mmoja wa mtaani alikuja na ghadhabu akidhani tunamlangua. Nikamchorea ile pembetatu nyuma ya bahasha, Kigali, Dubai, Brussels, nikamwandikia kilomita za kila mstari. Aliitazama kwa muda, akasema, "Basi nipitishe Addis, mwanangu." Hakukuwa na la kubishana tena, kwa sababu namba alizikagua mwenyewe.

Lakini kisa kilichonifanya niandike makala hii ni cha shemeji yangu, mke wa kaka yangu wa Brussels. Alikuwa anakuja Kigali arusini, kwa tiketi moja, akibadilisha ndege katika mji mwingine wa Ulaya. Ndege ya kwanza ilichelewa kwa hitilafu, ya pili ikamwacha, akafika Kigali siku ya pili yake, arusi imekwisha, maharusi wamekwenda zao, na kilichobaki ni masufuria. Alipodai fidia, shirika lilimwandikia kwamba anastahili yuro 250.

"Shemeji," aliniambia kwenye simu, "wameshasema 250. Nichukue tu?"

"Usichukue kwanza, shemeji," nikamjibu. "Nisomee barua yote."

Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 261 ya mwaka 2004, inayowalinda abiria wanaoondoka katika viwanja vyake, liwe shirika la nchi yoyote. Kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 fidia ni yuro 250. Kwa safari za kati, yuro 400. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inayokwenda nje ya Ulaya, yuro 600. Tangu uamuzi wa mahakama ya Umoja huo wa mwaka 2009, anayefika amechelewa saa tatu au zaidi huhesabiwa pamoja na wale ambao ndege yao ilifutwa, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba chanzo kilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Na kanuni yenyewe, katika ibara ya 7, inasema umbali utapimwa kwa njia ya duara kuu. Uzi wa Mwalimu, kwa maneno ya kisheria.

Shirika lilikuwa limepima kipande cha kwanza tu, kile kifupi cha ndani ya Ulaya. Lakini tiketi ilikuwa moja, na mwisho wa safari ulikuwa Kigali. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya abiria waliotoka Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels. Kwa njia waliyopita walikuwa wameruka kilomita 1,656, ambazo zingewapa yuro 400. Kwa mstari wa moja kwa moja kutoka Roma mpaka Hamburg ni kilomita 1,326, ambazo ni 250. Mahakama ikasema kinachopimwa ni mstari wa moja kwa moja, kutoka pale abiria alipoanzia mpaka pale alipokuwa anakwenda. Abiria wale walipata pungufu. Shemeji yangu, kwa hoja ile ile, alistahili zaidi, kwa sababu kati ya Zaventem na Kanombe kuna kilomita 6,360, na hakuna namna ya kuzihesabu zikashuka chini ya 3,500.

Nilimwandikia ile hesabu hatua kwa hatua, namba nne, saini na kosaini, nikamwambia aiambatanishe na barua yake. Alilipwa yuro 600. Sidhani kama namba zangu zilimtisha mtu. Naamini zilimwonyesha karani aliyezisoma kwamba upande wa pili kuna mtu aliyekwisha kupima.

Baada ya hapo watu wengine walikuja, na nikajifunza jambo ambalo uzi peke yake hausemi. Nyoosha uzi kutoka Kigali mpaka Brussels utazame unapita wapi. Unaondoka kaskazini magharibi kidogo, unapanda juu ya mashariki ya Kongo, unakata magharibi ya Sudan Kusini, unapita Darfur, unakata kaskazini mashariki ya Chad, unaingia Libya, unavuka bahari juu ya Sicily, kisha Uswisi, kisha umefika. Ni njia nzuri, fupi kuliko zote zilizopo. Na sehemu kubwa ya upande wake wa Afrika iko juu ya vita. Mapigano ya Sudan yalipoanza Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria. Libya mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa kwa miaka. Februari 2025, vita vya Kivu vilipopamba moto, serikali ya Kongo ikafunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda. Kwenda Ulaya, kuikwepa Kongo si pindo kubwa, unaegemea Uganda kisha unaendelea. Lakini tazama Brazzaville. Kutoka Kanombe ni kilomita 1,670 tu, na mstari wake karibu wote uko juu ya Kongo ya Kinshasa. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Ardhi iko pale pale, namba nne ni zile zile. Kilichorefuka ni njia, kwa mafuta, kwa saa, kwa nauli, na anayelipa ni mama anayekwenda kumwona mwanawe aliyejifungua.

Tangu hapo sisemi umbali mmoja ninapoulizwa. Nasema ule wa dunia kwanza, kisha ule wa ndege, na tofauti iliyo kati yake namweleza muulizaji imetoka wapi: ni biashara ya kuunganisha ndege, ni upepo, au ni bunduki. Wengi huja kuuliza hiyo ya tatu zaidi ya zote.

Vijana wa mtaani wanaopenda mambo haya tunakutana barazani Jumamosi, baada ya alasiri. Hawana tufe, lakini wana simu, na simu huwapa latitudo na longitudo za kiwanja chochote duniani. Hesabu tunafanya kwa mkono. Nimekuwa mkali katika hilo. Kuna programu nyingi zitakazokupa jibu kwa kubofya mara moja, ila zote zinafanya kazi vizuri mpaka siku mtu anapokuletea namba yake nyingine mezani, nawe huna cha kumjibu. Binti mmoja alihesabu safari ya Vancouver, kwa shangazi yake, akapata kilomita 14,180, halafu akataka kujua njia inapita wapi. Kwenye ramani ya ukutani mstari ulitokea Senegali, ukavuka Atlantiki, ukaingia Marekani kwenye pwani ya Virginia au Carolina. Tukatafuta sehemu kadhaa za duara kuu kwa hesabu, tukazipata moja baada ya nyingine: Libya, kisiwa cha Sardinia, Paris, Uingereza, kusini kidogo ya Iceland, halafu barafu ya Greenland. Alirudia hesabu nzima tangu mwanzo kwa sababu hakuamini. Ikatoka vile vile. Akamwambia shangazi yake kwenye simu kwamba barabara ya kwao inapita Greenland, na nilimsikia yule shangazi akicheka kwa mbali.

Shuleni mada hii ipo. Kenya na Tanzania huifundisha sekondari, latitudo na longitudo, dunia kama tufe. Shida yangu ni kwamba maswali mengi huishia kwenye miji miwili iliyo kwenye longitudo moja, au latitudo moja, kwa kuwa hapo hesabu ni nyepesi. Miji ya kweli ambayo watu wetu wanaishi haijapangwa hivyo. Zaidi ya hapo, mwanafunzi huondoka akidhani kufuata mstari wa latitudo ndiyo njia fupi, kwa sababu ndiyo aliyopewa kupima, na sivyo, isipokuwa uko juu ya ikweta. Ningependa mwalimu mmoja tu, wa shule moja tu, awape watoto Kigali na Brussels, awaambie kuna yuro 350 zinazosubiri jibu sahihi, kisha akae pembeni.

Mwezi uliopita vijana walileta swali lao wenyewe. Uwanja mpya wa Bugesera ukikamilika, namba za Kanombe zitabaki historia. Bugesera iko kusini zaidi kwa kama dakika 10 za latitudo, na kila dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Wakakaa na karatasi zao mpaka adhana ya magharibi. Makka na Brussels zote zinasogea mbali kwa kilomita 17 au 18 hivi. Dar es Salaam inasogea karibu, kilomita kumi hivi. Vancouver bado wanaipima, na yule binti anataka kujua kwanza kama itapita Paris bado.